Matairi Makubwa kwa Land Rover: Pima Kwanza Kabla ya Kununua

Kila mwaka mvua ya masika inapoanza, wakulima wa Lugari, Mautuma, Chekalini na Lumakanda huuliza swali lile lile: "Je, nikilivisha gari langu matairi makubwa zaidi, litapita kwenye matope?" Jibu si ndiyo, wala si la. Mahali pengine litapita. Mahali pengine litakwama vibaya kuliko kwanza, na huenda likavunjika papo hapo. Mwezi huu yafaa tulieleze jambo hili kwa urefu, maana fedha nyingi za maziwa na mahindi zimepotea kwa kununua mipira isiyofaa.

Tulikwenda kumtembelea mzee mmoja ambaye shamba lake li karibu na Lumakanda. Shamba hilo alilirithi kwa baba yake, mmoja wa wale waliogawiwa ardhi katika ule Mpango wa Ekari Milioni Moja ulioanza mwaka 1962. Mzee ana ng'ombe wa maziwa, mahindi, na miwa kidogo upande wa mtoni. Pia ana Land Rover ya zamani, ile fupi ya inchi 88, nayo ndiyo hubeba mikebe ya maziwa yake na ya majirani saba kila siku kabla ya jua kuchomoza. Kutoka kwake mpaka barabara ya lami ni kama kilometa 6, na katikati ya njia pana bonde lenye kijito. Wakati wa kiangazi mtoto huvuka pale bila kuvua viatu. Ifikapo Aprili, pale ni pa kumwomba Mungu.

Usiku mmoja wa Mei 2024, mwaka ule wa mafuriko, mke wa mwanawe alishikwa na uchungu wa kuzaa. Mzee akawasha gari. Walipofika bondeni magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka bure, na boga la difu likakaa juu ya tuta la udongo lililo katikati ya njia, gari likawa limeketi kama kuku juu ya mayai. Majirani waliamshwa. Yule mama alibebwa kwa kiti mpaka ng'ambo, akapakiwa kwenye pikipiki akishikiliwa na mama mkwe wake nyuma. Mtoto alizaliwa hospitalini robo saa baada ya kufika. Wote wawili ni wazima, na mtoto sasa anatembea.

"Nilisema sitakwama tena pale," Mzee alituambia. "Nikauza ndama wawili, nikaenda kutafuta matairi."

Muuzaji mmoja alimwonyesha matairi manne mapana, pamoja na rimu zake, yaliyotoka katika gari lingine. Yalikuwa ya kipimo cha 33 x 12.50 R15. Maana yake ni kwamba tairi lina kimo cha inchi 33 kutoka chini hata juu, upana wa inchi 12 na nusu, na rimu ya inchi 15. Yalipovishwa gari, watoto wa kijiji walishangilia. Mzee mwenyewe alifurahi.

"Basi, Mzee, yalisaidia?"

"Yalisaidia wiki mbili, bwana."

Kabla ya kueleza yaliyotokea baada ya hizo wiki mbili, yatupasa kufahamu tairi kubwa hufanya kazi gani hasa.

FAIDA NI NUSU TU

Wengi hudhani ya kwamba ukiongeza kimo cha tairi kwa inchi 4, gari nalo litapanda inchi 4. Sivyo. Ekseli hukaa katikati ya gurudumu, kwa hiyo hupanda nusu tu ya kile ulichoongeza. Matairi ya asili ya Land Rover fupi ni 6.00-16, ambayo kimo chake ni kama milimita 730. Matairi ya inchi 33 yana milimita 838. Tofauti ni milimita 108, na boga la difu litapanda milimita 54, yaani zaidi kidogo ya inchi 2.

Hata hivyo faida hiyo ni ya kweli, wala tusiidharau. Kuna watu huweka springi ndefu ili gari liwe juu. Springi huinua bodi peke yake. Difu hubaki pale pale ilipokuwa, ikilima tuta la katikati ya njia. Kitu kinachoinua difu kutoka ardhini ni tairi tu. Mzee hakukosea aliposema gari lake lilikwama kwa difu. Alikosea katika kiasi, na katika upana.

INJINI HAIJUI KWAMBA UMEBADILISHA

Chukua ndoo ya maji, uishike karibu na kifua. Sasa inyoshe mbele kwa mkono ulionyooka. Ndoo ni ile ile na mkono ni ule ule, lakini utaishusha upesi. Ndivyo ilivyo kwa gurudumu. Nguvu hutoka kwenye ekseli katikati na kusukuma ardhi pale tairi linapogusa. Ukilifanya tairi kuwa kubwa, umeusogeza mzigo mbali na mkono. Injini ni ile ile, gia ni zile zile, lakini nguvu inayofika ardhini imepungua.

Kwa matairi ya Mzee, kimo kiliongezeka karibu asilimia 15. Ni kama kuyaondoa meno ya gia yaliyowekwa na waliotengeneza gari, na kuweka mengine ya mwendo mrefu. Kilima alichokuwa akipanda kwa gia ya tatu na mikebe yote, sasa alikipanda kwa gia ya pili huku injini ikilia. Klachi ikaanza kunuka. Mafuta ya petroli yakaisha kabla ya siku yake.

Watu wengine watasema, "Mbona trekta lina gurudumu kubwa kupita la gari, na halikwami?" Trekta lilitengenezwa na gia za gurudumu lile. Mwendo wake ni wa polepole na difu yake ni nzito. Hakuna aliyechukua gurudumu la trekta akalivisha gari, na kama yuko, hatujamwona akirudi.

Kisha kuna breki. Kama vile injini inavyopata taabu kulizungusha gurudumu kubwa, ndivyo breki nazo zinavyopata taabu kulisimamisha. Hapa waliotengeneza Land Rover wametuachia funzo zuri. Land Rover fupi ya inchi 88 ilikuwa na ngoma za breki za inchi 10. Land Rover ndefu ya inchi 109, ambayo kiwandani ilivishwa matairi ya 7.50-16, ilipewa ngoma za inchi 11. Hawakuongeza tairi bila kuongeza breki. Mzee alikuwa na breki ndogo chini ya matairi makubwa kuliko hata ya gari refu. Siku moja, akishuka kuelekea kijitoni, mwanafunzi wa shule ya msingi alivuka mbele yake. Gari lilisimama, lakini lilisimama mbali kuliko alivyozoea. Jambo hilo alituambia kwa sauti ya chini, akatazama pembeni.

Na kuna mshale wa spidi. Huo huhesabu mizunguko ya shafti, haujui ukubwa wa tairi. Kwa matairi ya Mzee, mshale ukionyesha 70, gari liko 80. Ukionyesha 80, ambayo ndiyo mwisho unaoruhusiwa kwa magari ya biashara, kumbe gari linakwenda karibu 92. Polisi wa barabarani ana kipimo chake, hataki kusikia habari za tairi.

UPANA NA MATOPE YETU

Hili ndilo jambo ambalo wengi hawalijui, na linahusu udongo wenyewe.

Tairi pana hufaa mahali ambapo ardhi ni laini hata chini kabisa, na tairi linatakiwa lielee juu. Mchanga wa pwani ni mfano. Theluji ni mfano mwingine: mwaka 2007 gari la Toyota Hilux liliendeshwa mpaka mahali ambapo hapo awali palikuwa na ncha ya sumaku ya kaskazini ya dunia, likiwa na matairi ya inchi 38 yenye upepo mdogo sana. Chini ya theluji ile hapakuwa na murram ya kutafuta. Ilikuwa lazima kuelea.

Njia zetu nyingi si hivyo. Juu kuna udongo mwekundu uliolowa, unaoteleza kama sabuni, labda kina cha kiganja kimoja. Chini yake kuna ardhi ngumu, iliyopigwa na magari na mikokoteni kwa miaka. Tairi jembamba lenye meno marefu hukata ule uji, likafika chini na kushika. Tairi pana hupanda juu ya uji na kuteleza nao. Kwa hiyo Mzee alipofika bondeni na mipira yake mipana, gari halikuketi tena juu ya difu, lakini liliteleza upandeupande mpaka kwenye mfereji. Wiki mbili za kwanza zilikuwa za jua kidogo. Ndiyo maana alidhani amefaulu.

Mabondeni kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi mambo ni mengine, kwa sababu ule ni laini kwenda chini na hujaza meno ya tairi lolote. Pale, mpana au mwembamba, dawa ni minyororo ya magurudumu au kungoja. Madereva wengi wa zamani walibeba minyororo chini ya kiti wakati wa masika, na ni ajabu kwamba desturi hii imesahauliwa. Angalia tu: tairi kubwa likijaza nafasi yote chini ya madigadi, mnyororo hautapata pa kupita, utakata bodi na mpira wa breki.

YALIYOMPATA MZEE MWEZI WA AGOSTI

Katika Agosti, akiwa na mzigo wa mbegu za miwa, gurudumu moja la nyuma liliingia shimoni. Mzee akatia gia ya chini na kukanyaga mafuta. Pakasikika mlio kama wa mti mkavu unaovunjika. Shafti ya ndani ya ekseli ilikuwa imekatika.

Shafti za nyuma za Land Rover za zamani zilijulikana kwa kukatika hata kwa matairi ya kawaida, dereva asipokuwa na subira. Ukiweka tairi zito, refu, lenye kushika ardhi kwa upana wa inchi 12, shafti ndiyo inayobeba ugomvi wote kati ya injini na ardhi. Kitu kilicho dhaifu kuliko vyote ndicho hukatika, na hukatika mahali pabaya. Fundi alipofungua pia alikuta beringi za magurudumu ya mbele zimeanza kulegea, maana zile rimu pana zilikuwa zimeyasukuma magurudumu nje, mbali na beringi. Na kwenye ukuta wa ndani wa matairi ya mbele palikuwa na alama nyeusi zinazong'aa: kila usukani ulipokatwa mpaka mwisho, tairi lilikuwa likisugua springi.

Fundi yule, ambaye karakana yake ni mti na turubai, alimwonyesha jambo moja zaidi. Ubavuni mwa kila tairi kuna maandishi yanayoanza na herufi DOT, na mwisho wake kuna tarakimu 4. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 1424 lilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2024. Matairi ya Mzee yalikuwa ya mwaka 2011. Meno yalikuwa marefu kweli, lakini mpira ulikuwa umekauka na kufanya nyufa kama kisigino cha mtu asiyevaa viatu. Tangu kile kiwanda cha Nairobi kilichotengeneza matairi ya Yana kilipoacha kazi mwaka 2016, matairi yetu hutoka ng'ambo, na mengine hukaa sana njiani na ghalani. Soma tarakimu hizo kabla ya kutoa fedha.

TAIRI LA NDUGU YAKE MREFU

Sasa tuseme lililofanyika, maana Land Rover ile ingali inabeba maziwa.

Land Rover ni gari lililobuniwa kwa ajili ya mashamba. Maurice Wilks, mhandisi wa kampuni ya Rover, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, Wales, na huko alitumia Jeep ya jeshi iliyobaki baada ya vita. Mwaka 1947 akaanza kazi ya kutengeneza gari lake mwenyewe, likaonyeshwa Amsterdam mwaka 1948. Lilivishwa matairi ya 6.00-16, kipimo kile kile cha Jeep. Baadaye, walipotengeneza magari marefu ya kubeba mizigo mizito, waliyapa 7.50-16. Kwa hiyo mtu mwenye gari fupi anayetaka kupanda juu kidogo hana haja ya kubahatisha. Atazame ndugu yake mrefu amevaa nini.

Tairi la 7.50-16 lina kimo cha karibu milimita 805. Juu ya lile la asili ni ongezeko la milimita 75, kama asilimia 10, na difu hupanda inchi moja na nusu. Ni jembamba, kwa hiyo hukata matope. Hupatikana kwa urahisi, maana Land Cruiser za mizigo hutumia kipimo hicho hicho. Ukipewa tairi la kipimo kipya cha 235/85R16, kimo ni karibu sawa.

Lakini hata hapa kuna masharti. Rimu ya gari fupi ina upana wa inchi 5, na ya gari refu ina inchi 5 na nusu. Tairi la 7.50 likae kwenye rimu ya gari refu. Mzee alipata rimu tano kutoka kwa Land Rover iliyokufa. Fundi alizigeuza zile boliti zinazozuia usukani usikatwe kupita kiasi, tairi likaacha kugusa springi. Sasa gari linahitaji nafasi kubwa zaidi kugeuka, jambo ambalo Mzee hulilalamikia kila akigeuza kwenye lango lake. Breki zilifunguliwa zote na kuwekwa viatu vipya. Fundi alishauri pia kutafuta ngoma za inchi 11 na vyombo vyake vyote kutoka gari refu. Mzee ameweka jambo hilo mpaka mavuno. Kwa maoni yetu, hilo lingetangulia matairi.

Wenye Hilux, Prado na magari mengine ya siku hizi watumie hesabu hii. Katika 265/70R16, nambari ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, ya mwisho ni rimu kwa inchi. Zidisha 265 kwa 0.70 upate 185.5, mara mbili, kwa kuwa kuna ubavu juu na chini, ni 371. Inchi 16 ni milimita 406. Jumla ni 777. Tairi la 285/75R16 kwa hesabu hiyo ni 834. Tofauti ni 57, kama asilimia 7. Mafundi wengi hushika kanuni ya asilimia 3: ukiongeza chini ya hapo, gari kwa kawaida hubeba bila kubadilishwa kitu kingine. Ukizidisha, jiandae kutazama gia, breki, usukani na mshale wa spidi. Kwa mwenye 265/70R16 anayesumbuliwa na utelezi wa juu, tairi la 245/75R16 lina kimo karibu sawa, 774, nalo ni jembamba kwa milimita 20. Huenda likamsaidia kuliko kubwa, na kwa gharama ndogo. Tazama pia nambari ya uzito iliyo ubavuni. Isiwe chini ya ile ya tairi la asili, hasa kwa gari linalobeba mikebe au magunia.

UPEPO, SPEA, NA MENGINE

Kabla hujanunua chochote, jaribu upepo. Hauuzwi. Tairi la upepo wa 30, yaani ratili 30 kwa inchi ya mraba, likishushwa mpaka 18 hulala kidogo, likawa refu pale linapogusa ardhi, na meno mengi zaidi hushika. Nenda polepole, wala usikate usukani kwa ghafula. Ukifika lami, simama ujaze tena, kwa pampu ya mguu ikiwa huna nyingine. Tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa hupata moto na kupasuka. Mwenye mpira wa ndani aangalie zaidi: upepo ukipungua sana, tairi huzunguka juu ya rimu na kung'oa vali. Na mwenye mzigo mzito asishushe. Apunguze mzigo kwanza.

Matairi yote yawe ya kipimo kimoja, pamoja na spea. Mtu akiweka makubwa nyuma na kuacha madogo mbele, halafu akatia gia ya magurudumu manne, magurudumu ya mbele yatataka kuzunguka mara nyingi zaidi kuliko ya nyuma, na gia hazitakubali. Chuma kitajikaza mpaka kitu kivunjike. Spea ndogo italeta ubaya ule ule siku ya pancha. Mzee aliposema amepata rimu tano, fundi alimpongeza kwa ile ya tano kuliko zile nne.

Tairi likishavaa, usiondoke papo hapo. Kata usukani mpaka mwisho kulia, kisha kushoto, na mtu achungulie ndani. Halafu panda jiwe kwa gurudumu moja la mbele ili springi ikunjwe, ukate usukani tena, maana tairi lisilogusa gari likiwa sawasawa laweza kugusa likiwa limeinama. Tazama mpira wa breki, springi, na ukingo wa madigadi. Pakiwa na nafasi ya kupitisha vidole viwili, vema. Vidole vyenyewe viwe vya mkulima, si vya karani.

Waulize NTSA na kampuni yako ya bima kabla ya kubadilisha kipimo, na uandikiwe jibu. Ajali ikitokea, mwenye bima ataitazama ile mipira kabla ya kukutazama wewe.

Jambo la mwisho ambalo Mzee alitutembeza kuliona lilikuwa bondeni. Katika Januari, yeye na wale majirani saba walikusanyika na majembe na sururu. Walilisawazisha lile tuta la katikati ya njia, wakachimba mifereji miwili ya kutoa maji upande wa juu, na kumwaga mawe na murram hatua 30 kila upande wa kijito. Kazi ilichukua Jumamosi tatu. Mama aliyebebwa kwa kiti usiku ule ndiye aliyewapikia wachimbaji. Masika yaliyofuata, magari yote yalipita pale, hata pikipiki, na Land Rover ilikwama mara moja tu, mahali pengine, kwa sababu Mzee alikuwa amesahau kutia gia ya magurudumu manne.

Tulipomuaga alikuwa chini ya gari, na spana mkononi. Nati za magurudumu hulegea baada ya rimu kubadilishwa, na hutakiwa kukazwa tena baada ya kilometa 50 za kwanza, kisha baada ya 100. Mzee alikuwa amefika 48.